Watu 46 kwenye dodoso, sahani 310 jikoni: kisa cha kiwanda kimoja cha Dar es Salaam katika utafiti wa ajira na mapato

Usuli

Kisa hiki nawaandikia wadadisi na wasimamizi wanaoanza kazi, pamoja na maafisa utumishi wanaoletewa dodoso mezani wakati mishahara ya mwezi bado haijafungwa. Nilikuwa msimamizi wa timu ya wadadisi wanne jijini Dar es Salaam. Jina la kiwanda, bidhaa yake, mtaa na mwaka nimeviondoa. Idadi za watu na viwango vya malipo nimevibadilisha, ila uhusiano wa namba na namba nimeulinda ili hesabu isipoteze maana. Sifanyi hivi kwa adabu tu. Sheria ya Takwimu, Sura ya 351, inakataza kutoa taarifa inayoweza kumtambulisha aliyeitoa, na kila anayekusanya taarifa hizi hufungwa na wajibu wa kutunza siri. Wajibu huo hauishi siku mkataba wa kazi unapoisha.

Tanzania Bara ajira hupimwa kupitia milango miwili. Mlango wa kwanza ni wa nyumbani. Huo ni utafiti wa nguvu kazi, ambao Ofisi ya Taifa ya Takwimu iliufanya mwaka 2006, 2014 na 2020/21, na kabla ya hapo ulifanyika 1990/91 na 2000/01. Mdadisi huingia kwenye kaya na kuuliza watu wenye umri wa miaka 15 na zaidi walifanya kazi gani siku saba zilizopita. Humo utamkuta dereva wa bodaboda, mama lishe, muuza mitumba wa Ilala na mwalimu wa serikali, wote kwenye orodha moja. Mlango wa pili ni wa mwajiri, na ndio unaohusu kisa hiki: utafiti wa ajira na mapato katika sekta rasmi. Hapa haulizwi mfanyakazi. Anaulizwa mwajiri, akiwa na karatasi zake za malipo: wangapi, wanaume na wanawake, raia na wasio raia, wa kudumu na vibarua, wanafanya kazi gani, wanalipwa kiasi gani, wameajiriwa wapya wangapi na nafasi zipi ziko wazi.

Kuna taratibu tatu ambazo msomaji asipozishika kisa hiki kitamponyoka. Taasisi zote za umma hufikiwa, na waajiri binafsi wenye wafanyakazi 50 au zaidi nao hufikiwa wote. Wenye kati ya 5 na 49 huchaguliwa kwa sampuli, kwa hiyo kila aliyechaguliwa hubeba uzito, yaani anawasemea wenzake ambao hawakufikiwa. Halafu, kinachohesabiwa ni eneo la kazi na si kampuni. Kampuni yenye kiwanda Temeke na ghala Mwanza ina maeneo mawili, na kila moja lina dodoso lake. Na idadi ya watu huchukuliwa siku moja ya rejea, ambayo kwetu ilikuwa 30 Juni.

Kiwanda chetu kilikuwa kwenye kundi la wadogo. Rejista, yaani orodha ya maeneo ya kazi ambamo sampuli huchaguliwa, ilikionyesha kuwa na wafanyakazi 38, na kilipewa uzito wa 6.

Kilichotokea

Mdadisi wetu, binti makini aliyekuwa na duru mbili nyuma yake, alirudishwa getini mara mbili kabla ya kumwona afisa utumishi. Mara ya kwanza mlinzi alidai bosi hayupo. Mara ya pili aliambiwa watu wa kodi waje na barua. Alikuwa nayo barua, na kitambulisho kilikuwa kinaning'inia shingoni, lakini mlinzi alishaamua. Mara ya tatu aliingia. Afisa utumishi, mama wa makamo, alimkaribisha vizuri, akamwambia, "Niachie mwanangu, nitajaza mwenyewe." Dodoso likabaki kwake siku nane.

Lilirudi limejazwa kwa mwandiko safi: wafanyakazi 46, wanaume 33, wanawake 13, wote wa kudumu. Kwenye mstari wa vibarua palikuwa na sifuri. Jumla zilikubaliana, kazi zilikuwa na maelezo ya kutosha kupangiwa namba za uainishaji, na wastani wa mshahara haukuwa wa kushangaza. Nililipitia kwa dakika kumi nikatia saini. Kosa la kwanza katika kisa hiki ni langu, na lilitokea hapo. Niliona hesabu imenyooka nikadhani na ukweli umenyooka.

Kilichotuokoa ni mhuri. Ulikuwa haujagongwa, ikabidi mdadisi arudi. Akiwa amekaa mapokezi, aliingia mama anayepeleka chakula kiwandani, ameshika daftari lake, kudai malipo ya jana yake. Mhasibu akasoma kwa sauti: sahani 310, mchana na usiku. Mdadisi alinipigia simu akiwa bado amekaa kwenye kile kiti. "Kaka, watu 46 hawali sahani 310."

Kesho yake tulifika getini saa kumi na mbili kasoro asubuhi, wakati zamu inapobadilishana. Ukitaka kujua kiwanda kina watu wangapi, hiyo ndiyo saa yake. Saa nne utamkuta afisa tu. Upande wa kushoto wa geti walisimama watu kwenye mstari, wengi wanawake, wengine wakimalizia chai na vitumbua. Mnyapara akapita akiwagusa bega mmoja mmoja, wewe ingia, wewe ingia, waliobaki wakaondoka kimya kuelekea kituo cha daladala. Upande wa kulia yakasimama mabasi mawili madogo. Walishuka watu wenye fulana za kijani zenye jina ambalo si la kiwanda. Wa mstarini hawakuwa na fulana. Baadaye kidogo wakaja wachache wenye vitambulisho vya kampuni, wakapita bila kupekuliwa.

Kumbe lile geti lilikuwa na milango mitatu, na dodoso letu lilikuwa limepita kwenye mmoja tu.

Tulirudi kwa afisa utumishi. Namsifu hadi leo, kwa sababu hakukasirika. Nilimwamkia, nikamweleza tulichokiona, naye akajibu kwa utulivu: "Baba, dodoso limeuliza waajiriwa wetu. Wale vibarua wako chini ya idara ya uzalishaji, mimi siwajui hata majina. Na wenye fulana ni wa wakala. Hao si wetu." Hakuwa akidanganya. Alijaza kile ambacho orodha yake ya mishahara ilimwonyesha, na kwenye orodha hiyo watu walikuwa 46 kweli. Tulipoipitia pamoja tukakuta tisa kati ya hao wanafanya kazi kwenye maghala ya Mwanza na Mbeya. Yaani namba yake ilikuwa imepungua na imezidi kwa wakati mmoja.

Msimamizi wa uzalishaji alitoa daftari la getini. Tarehe 30 Juni waliingia vibarua 112. Kuhusu wenye fulana alitaja 188 kwa zamu zote.

Ikabaki kumtafuta wakala. Ofisi yake ilikuwa ghorofani, vyumba viwili, na kwenye rejista yetu haikuwamo kabisa. Kijana tuliyemkuta alitusikiliza, akasema, "Sisi tunaunganisha tu, kaka. Wafanyakazi ni wa kiwanda." Kiwanda kinasema ni wa wakala, wakala anasema ni wa kiwanda. Watu 188 waliokuwa wakiendesha mashine usiku kucha hawakuwa na mwajiri mchana.

Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kuacha kuuliza "wafanyakazi wako ni wangapi?" Neno "wako" ndilo lililotupoteza. Tulibadili swali: kila anayefanya kazi ndani ya ukuta huu, fedha yake inatoka kwa nani, na karatasi anayoisaini ina jina la nani? Kwa vibarua jibu lilikuwa jepesi. Walilipwa na keshia wa kiwanda kila jioni, wakasaini kwenye daftari la kiwanda. Basi ni wafanyakazi wa kiwanda kwa maana ya utafiti, wawe na mkataba au wasiwe nao, afisa utumishi awajue au asiwajue.

Kwa wale 188 tuliomba kuona hati za malipo zisizo na majina. Mlipaji alikuwa wakala, na michango yao ya NSSF iliwasilishwa kwa jina la wakala. Katika uainishaji wa kimataifa wa shughuli za kiuchumi ambao nasi tunautumia, anayewaweka watu wake kufanya kazi kwa mteja huku yeye akiwalipa ndiye mwajiri wao, na shughuli yake ni huduma saidizi. Si uzalishaji wa viwandani. Kwa hiyo tuliwaandikia dodoso lao, kwa wakala.

Haikuwa rahisi kumpata. Kanuni za mawakala binafsi wa ajira za mwaka 2014 zilimtaka wakala aunganishe mtafuta kazi na mwajiri, asigeuke yeye kuwa mwajiri. Kijana yule alidhani akikiri kwetu kwamba analipa watu 188, kesho atapokea ugeni mwingine. Sikumlaumu. Nilimwonyesha kifungu cha usiri, nikamweleza kwamba dodoso lake halitakwenda kwa afisa kazi wala mamlaka ya kodi, na kwamba kwenye taarifa yoyote itakayochapishwa yeye atakuwa sehemu ya jumla tu. Tulirudi mara tatu. Mara ya tatu alijaza.

Uamuzi uliotusumbua zaidi ulihusu fedha. Afisa utumishi alikuwa ameandika mishahara ya ofisini baada ya makato, yaani ile inayoingia benki, na ya mafundi bila posho. Mapato yanayotakiwa ni mshahara wa msingi pamoja na posho za kawaida zinazolipwa kwa fedha, kabla ya kukata kodi na michango. Chakula cha mchana, hata kikiwa kizuri, hakiingii. Hilo lilirekebishika kwa nusu saa.

Vibarua ndio walionifunza. Malipo yao yalikuwa shilingi 7,000 kwa siku. Msimamizi wa uzalishaji, akitaka kutusaidia, alizidisha kwa 30 akatuandikia 210,000 kwa mwezi. Lakini kiwanda hakifanyi kazi Jumapili, na Juni ile ilikuwa na siku za kazi 26. Daftari lilionyesha nafasi 112 zikijazwa kila siku, jumla siku-kazi 2,912, yaani shilingi 20,384,000. Gawanya kwa 112, unapata 182,000. Tulikaribia kuishia hapo, mpaka mdadisi akaanza kuhesabu majina. Yalikuwa 171. Nafasi zilikuwa 112, lakini watu 171 walikuwa wakizigombea pale mstarini asubuhi, kila mmoja akipata wastani wa siku 17. Mtu mmoja kwa mwezi alibeba nyumbani kama 119,000.

Namba tatu, kiwanda kilekile, mwezi uleule. Dodoso lilihitaji idadi ya siku ya rejea na jumla ya malipo, kwa hiyo tuliandika 112 na jumla ya daftari, ambazo zinazaa 182,000. Hiyo 119,000 tuliiandika kwenye sehemu ya maoni, kwa kirefu, na tukapigia mstari.

Ulibaki uzito. Kiwanda kilichochaguliwa kama kidogo, chenye uzito wa 6, sasa kilikuwa na watu 149: wale 37 wa kudumu waliobaki baada ya kuwatoa wa mikoani, na vibarua 112. Kukiacha na uzito wake kungemaanisha kukisemesha kwa watu 894, kana kwamba kila kiwanda kidogo kilichowakilishwa nacho kimevimba vilevile. Nilipeleka suala hilo juu kwa maandishi, pamoja na nakala ya hesabu. Uamuzi uliorudi ni kukihamishia kwenye kundi la waajiri wakubwa, kwa uzito wa 1, na uzito wa waliobaki kwenye kundi la wadogo ukahesabiwa upya. Wakala naye, kwa kuwa ana watu zaidi ya 50 na kundi hilo hufikiwa wote, aliongezwa kwa uzito wa 1 bila kuvuruga sampuli. Angekuwa na watu 20 tusingeweza kumwongeza kienyeji hivyo. Tungemwandika kwa ajili ya rejista ya baadaye tu.

Matokeo

Dodoso la kwanza, kama lingepita na saini yangu, lingeingiza kwenye takwimu za taifa watu 276: wale 46 mara 6. Wote wangekuwa wa kudumu, na hakuna kibarua hata mmoja. Baada ya marekebisho kiwanda kiliingia na watu 149, robo tatu yao vibarua na wengi wa hao wanawake. Wakala aliingia na 188 kwenye sekta nyingine kabisa. Tisa wa mikoani walipelekwa kwa timu zinazohusika na maghala yale.

Gharama yake ilikuwa siku sita za mdadisi mmoja, wakati makadirio ya eneo moja yalikuwa siku moja na nusu. Maeneo mawili ya timu yetu yalichelewa kurudishwa.

Uchambuzi: kilichofaa na kilichoshindikana

Kilichofaa zaidi ya vyote ni jicho la mdadisi. Hakuna ukaguzi wa kompyuta ungelikamata dodoso lile, maana ukaguzi hupima kama namba zinapatana zenyewe kwa zenyewe, nazo zilipatana. Sahani 310 zilikuwa ushahidi wa nje. Tangu hapo nimewafundisha wadadisi watafute namba moja ambayo mwajiri hakuitayarisha kwa ajili yao: bili ya chakula, idadi ya makabati ya nguo, mabasi ya zamu, mabuti yaliyonunuliwa mwaka huo. Hazijazwi kwenye dodoso. Kazi yake ni kukufanya urudi kuuliza.

Heshima nayo ilifaa. Afisa utumishi angeweza kufunga mlango siku tuliporudi, na watu wa ofisi yake wangeunga mkono. Tulikwenda kwake kama kwa mtu aliyefanya kazi yake sawasawa na karatasi aliyokuwa nayo, na ndivyo ilivyokuwa. Timu iliyozoea kusema "mmetuficha" ingerudi na zile 46.

Kuliacha dodoso mezani kwa siku nane hakukufaa. Njia hiyo inaokoa nauli na inampa mwajiri muda wa kutafuta kumbukumbu, lakini dodoso linaishia kwa mtu mmoja mwenye orodha moja. Kwenye kiwanda chenye zamu, mahojiano ya ana kwa ana yangepaswa kuwahusisha watatu tangu mwanzo: afisa utumishi, msimamizi wa uzalishaji na keshia. Kila mmoja ana kipande chake, na hakuna anayedanganya.

Kuhusu uzito, nakubaliana na uamuzi, lakini nauona una ncha mbili. Rejista huzeeka kila mahali duniani, maana viwanda hukua haraka kuliko orodha zinavyoweza kufuata. Kiwanda hiki tulikigundua kwa kuwa kiliangukia kwenye sampuli. Kama miongoni mwa wale ambao hawakuchaguliwa vipo vingine vilivyokua kimyakimya, basi kukipa hiki uzito wa 1 kunavifuta vile visivyoonekana. Kukiacha na 6 kunatunga watu wasiokuwepo. Tulichagua kosa dogo. Dawa halisi ni kuihuisha rejista kabla ya kuchagua sampuli, kwa kuilinganisha na orodha za waajiri wanaowasilisha michango ya hifadhi ya jamii, na hiyo si kazi ya msimamizi wa uwandani.

Kuna jambo jingine ambalo wasomaji wa magazeti hulipitia bila kujua. Wale wenye fulana za kijani, mdadisi wa utafiti wa kaya akiwakuta nyumbani Vingunguti au Gongo la Mboto na kuwauliza wanafanya kazi wapi, watajibu "kiwandani", na wataainishwa kwenye uzalishaji wa viwandani. Kwetu sisi wako kwenye huduma saidizi. Tafiti mbili zikitofautiana kuhusu ajira za viwandani, mtu huanza kutafuta aliyedanganya. Mara nyingi hakuna. Mmoja alimuuliza mfanyakazi anafanya nini, mwingine alimuuliza mlipaji analipa nani. Anayeandika kuhusu viwanda vya nchi hii anapaswa kusoma zote mbili na kuangalia mfanyakazi wa mashineni amehesabiwa wapi.

Ile 119,000 ndiyo inayonikaa moyoni. Kwenye jedwali ilibaki 182,000, kwa sababu utafiti unaomuuliza mwajiri hupima nafasi na fedha inayolipwa kwa nafasi hizo, na kwa hilo namba yetu ilikuwa sahihi. Lakini nafasi haina nauli ya daladala wala kodi ya chumba. Asubuhi ile getini nilizungumza na mama mmoja aliyekuwa hajaguswa bega. Nilimuuliza mwezi uliopita alifanya kazi siku ngapi. Alihesabu kwa vidole, akaanza tena, akasema kumi na nne, labda kumi na tano, halafu akaniuliza kama na mimi ni wa kiwanda, nimwombee kesho.

Mwaka uliofuata, kwenye mafunzo ya wadadisi kabla ya kwenda uwandani, tuliomba muda wa kulifafanua swali la vibarua. Kando ya idadi ya siku ya rejea, wadadisi wa timu yetu walielekezwa kuhesabu na kuandika kwenye maoni majina tofauti yaliyomo kwenye daftari la mwezi mzima, pale daftari linapopatikana.